Kutu Hula Ngano Ikiwa Hai

Tunasema bati limeliwa na kutu, na tunasema ngano imeliwa na kutu, na lugha haioni tofauti. Si Kiswahili peke yake. Warumi waliita zote mbili robigo. Waitaliano wa leo husema ruggine kwa geti na kwa shamba. Inaeleweka. Pita katikati ya shamba lililoshikwa na utatoka na suruali yenye vumbi la rangi ya matofali, utadhani uliegemea lori bovu.

Lakini kutu ya bati haili kitu. Chuma kimekutana na maji na hewa, basi, hakuna aliyeshiba. Kutu ya ngano inakula kweli kweli. Ni kiumbe, kuvu ambayo wataalamu huiita Puccinia graminis, na ina njaa, ina namna yake ya kutafuta mlango, na ina mdomo ambao nitaufikia. Watu waliishi nayo zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya kukubali kwamba ule wekundu kwenye bua si alama ya ugonjwa tu, ndio mlaji mwenyewe. Kisha ikachukua zaidi ya karne nyingine kujua inakula nini hasa, inakula kupitia wapi, na kwa nini haiiui ngano kwanza ndipo ile.

Hilo la mwisho ndilo lililonivuta. Mimi mtu wa mjini, ngano naijua zaidi ikiwa chapo na madondo. Sehemu kubwa ya unga wa chapo zetu hutoka kwa ngano ya nje, na ile kidogo inayomea hapa, Narok, Nakuru, Uasin Gishu, ina mgeni huyu ndani yake karibu kila msimu. Halafu nikagundua kwamba historia ya kutu, ukiifuata kutoka Roma, inakuleta mpaka Njoro. Sikutarajia.

Twende Roma kwanza, haraka. Kila tarehe 25 Aprili watu walikwenda kwenye kichaka kitakatifu nje ya mji wakamtolea mungu Robigus mbwa wa sadaka ili asiiguse ngano. Mshairi Ovid aliieleza sherehe hiyo, na katika maelezo yake kuhani anaiomba kutu iende ikale panga na mikuki badala ya shamba. Napenda sana ombi hilo. Ni ombi la mtu anayeamini kutu ni moja, na kwamba kama ina njaa basi ipewe chakula kingine. Kuhusu njaa, walipatia.

Karne nyingi baadaye wakulima wa Ulaya na Amerika walikuwa wameona jambo lingine: ngano iliyo karibu na baberi, kichaka cha miiba chenye matunda mekundu ya kutengenezea jemu, ndiyo hushikwa kwanza. Hawakujua kwa nini. Hata hivyo koloni la Connecticut lilipitisha sheria ya kuking'oa kichaka hicho mwaka 1726, na Massachusetts ikafuata mwaka 1755. Wasomi wengi waliona ni ushirikina wa mashambani.

Mwaka 1766 kutu iliharibu mavuno ya Tuscany, Italia. Mwaka uliofuata watu wawili, Felice Fontana na Giovanni Targioni Tozzetti, walichapisha maandishi yao, kila mmoja kivyake, wakisema jambo lile lile. Fontana alitazama lile vumbi kwa hadubini. Hakuona uchafu wala damu ya mmea iliyoganda. Aliona mimea midogo mno, kila mmoja na umbo lake, na akaandika kwamba mimea hiyo inajilisha kwa chakula cha ngano. Ndiyo maana punje zinasinyaa: kuna mwingine mezani.

Ungedhani kesi imeisha hapo. Wapi! Miaka 66 baadaye Franz Unger wa Austria, mtu mwenye heshima zake, alitoa kitabu kizima akisema kutu ni kama vipele vya surua: mmea umeugua ndani, maji yake yameharibika, na ule wekundu ni ugonjwa unaochipuka nje. Yaani mlaji ni mtoto wa mgonjwa. Leo inachekesha, lakini jiweke mahali pake. Unaona bua lisilo na jeraha. Linasimama, kijani, na kati ya kijani hicho vipele vinapasuka. Kama kuna mwizi ameingia, mbona hakuvunja kitu?

Aliyejibu swali hilo ni Mjerumani, Anton de Bary. Alikuwa na miaka 22 tu alipochapisha mwaka 1853 kazi iliyoonyesha kwamba kuvu hizi ndizo chanzo cha ugonjwa, hazizaliwi na ugonjwa. Mwaka 1865 aliwapa wakulima wa baberi haki yao: alichukua spora kutoka kwa ngano, akazipandikiza kwenye baberi, akathibitisha kwamba kutu ya hapa na ya pale ni kiumbe kimoja kinachohama nyumba. Lakini kwangu mimi jambo lake kubwa ni dogo zaidi ya hapo. Katika miaka hiyo ya 1860, akichungulia ndani ya mimea iliyoshikwa, aliona nyuzi za kuvu zikipita kati ya seli, na kutoka kwenye nyuzi hizo vijitawi vifupi vikiingia ndani ya seli na kukomea humo. Akavipa jina la Kilatini linalotokana na kitenzi cha kuchota au kunywa: haustoria.

Ule mdomo niliousema, ndio huo.

Hebu tuufuate kutoka mwanzo, sababu hapa ndipo hadithi ilipo. Spora inaletwa na upepo inatua kwenye ngano. Usiku umande ukishuka, inaota na kutoa kijibomba. Haina macho, inapapasa. Inafuata mabonde na matuta ya ngozi ya mmea mpaka ifike kwenye kitundu kidogo cha kupumulia, vile vitundu ambavyo mmea hufungua ili uvute hewa. Inakaa juu yake kama mtu anayesubiri mlango wa matatu ufunguliwe, kisha inapenya. Bado haijavunja kitu. Imepita mlango ambao mwenye nyumba aliuweka mwenyewe.

Ndani inatambaa katika nafasi zilizo kati ya seli, inachagua seli, inajibana kwenye ukuta wake. Inatoboa ukuta, tundu dogo kabisa. Halafu inasimama mbele ya utando laini ulio nyuma ya ukuta huo, utando ambao ukipasuka seli inakufa. Hapa ndipo mtu mwingine angevunja. Kutu haivunji. Chukua puto (ningesema mfuko wa plastiki, lakini si unajua ilipigwa marufuku 2017), lipulize nusu, kisha sukuma kidole ndani taratibu. Puto halipasuki, linajikunja kukizunguka kidole. Kidole kiko katikati ya puto na bado kiko nje yake. Hivyo ndivyo haustoria ilivyo ndani ya seli ya ngano. Imezungukwa na utando wa mwenyeji pande zote, inagusana nao kupitia ute mwembamba, na seli inaendelea na maisha: inapika sukari mchana, inapumua usiku, haijui au haijaambiwa.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani lazima mdomo huu uwe mdomo, lakini kudhani si kuona. Ilibidi kusubiri mpaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakitumia ndugu wa kutu hii anayeshambulia bakla, walipotambua protini inayobeba glukosi na fruktosi kuingiza ndani ya kuvu. Waliipata kwenye haustoria tu, si kwenye nyuzi nyingine. Miaka minne mbele ya hapo, 1997, maabara hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha mbebaji wa asidi amino aliyejipanga pale pale. Mmea husafirisha sukari yake ikiwa sukrosi, sukari ile ile ya kwenye chai. Vimeng'enya huikata vipande viwili, na mbebaji anavivuta. Mara ikishaingia, kuvu inageuza sehemu yake kuwa mannitoli, sukari ya aina nyingine ambayo mbakla hauna kazi nayo. Ni kama mtu anayebadilisha pesa ulizomkopesha kuwa sarafu isiyopita kwa duka lako.

Na mmea wenyewe unasaidia. Sukari ndani ya mmea huenda kule inakotumika, kwa hivyo mahali panapokunywa sana panaletewa sana. Sehemu iliyoshikwa inageuka kuwa mlaji mwenye foleni yake. Wakati jani lingine linazeeka na kuwa njano, pale penye kutu mara nyingi hubaki kisiwa cha kijani, kwa sababu kuvu inapachelewesha kuzeeka. Jani linakufa isipokuwa mezani.

Anayelipa ni punje. Shangazi yangu analima ngano kidogo upande wa Mau Narok, na msimu mmoja mbaya nilikuwa kwake wakati wa kupima. Gunia lilikuwa limejaa mpaka mdomo, mshono umekaza. Kwenye mzani, hakuna kitu. Broka aliingiza mkono, akatoa punje zilizojikunja kama mchele wa kuvunjika, akazirudisha bila kusema neno. Shangazi naye hakusema neno. Sukari ambayo ingekuwa unga ilikuwa imepaa na upepo miezi miwili kabla, ikiwa vumbi jekundu, maana kila kipele hutoa spora kwa maelfu, na kizazi kimoja huchukua kama wiki mbili.

De Bary alifariki mwaka 1888. Miaka ishirini hivi baadaye kutu ilikuwa na meza mpya, na meza hiyo ilikuwa hapa kwetu. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 Njoro. Mwaka mmoja baadaye serikali ya kikoloni ilisaini mkataba na Wamaasai uliowatoa kwenye malisho ya katikati ya Bonde la Ufa. Delamere alijaribu kondoo, kondoo wakafa. Akageukia ngano, akalima eneo kubwa la aina moja ya mmea mahali penye umande wa kutosha kila usiku. Kutu ikaja ikala. Kwa pesa zake mwenyewe alianzisha maabara ya kutafuta mbegu inayoweza kuhimili, na kutoka kazi hiyo kikakua, baada ya muda, kituo cha utafiti cha Njoro ambacho leo kiko chini ya KALRO.

Najua wengine mshaanza kuchora mstari: mgeni anayeingia bila kubomoa, anayekula bila kuua, anayemwacha mwenyeji afanye kazi. Nimeuona pia. Sitaufuata, kwa sababu kutu haina nia, na Delamere alikuwa nayo.

Tatizo la maabara ya Njoro lilikuwa la dunia nzima. Kwanza, kutu haikukubali kufugwa. Kuvu nyingi ukiziwekea sukari na chumvi kwenye chupa zinamea; hii ilitaka ngano hai, basi. Ni mwaka 1966, Sydney, ndipo watafiti watatu, Williams, Scott na Kuhl, walipofaulu kuikuza bila mmea, kwenye mchanganyiko wa sukari, chumvi na dondoo la hamira, na hata hivyo ilikua kwa kujikokota. Sababu moja ilionekana jenomu yake iliposomwa mwaka 2011: haina vifaa kamili vya kutumia naitreti na salfeti kutoka mazingira. Imekaa kwa watu muda mrefu mpaka imeuza jiko lake. Lazima iletewe chakula kilichopikwa.

Sasa shika hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza silaha pekee kubwa ambayo ngano imewahi kuwa nayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 watafiti, akiwemo Mwamerika Elvin Stakman mwaka 1915, walieleza jambo la ajabu kwenye ngano sugu. Haikuwa na ngozi ngumu. Kutu iliingia kama kawaida. Lakini seli iliyoguswa ilikufa papo hapo, na jirani zake, na kutu ikabaki ndani ya kaburi dogo bila chakula. Kwenye jani unaona nukta ndogo tu. Dhidi ya kuvu inayoua kwanza ndipo ile, kama ile ukungu wa kijivu unaoozesha stroberi, kujiua hivyo kungekuwa kumwandalia karamu. Dhidi ya kutu ni kuondoka na sufuria.

Kwa hivyo karibu kila jeni ya kinga waliyoisambaza wazalishaji wa mbegu kwa karne nzima ni, kwa maneno mengine, kengele. Inatambua kitu fulani ambacho haustoria hukitia ndani ya seli ili kuituliza, na inaamuru seli ife. Kengele maarufu kuliko zote ilitoka kwa rai, binamu wa ngano, ikaitwa Sr31. Ilienea duniani kupitia mbegu za Mapinduzi ya Kijani, na kwa miongo kama mitatu ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba watu wazima wenye shahada walianza kusema kutu ya shina imeisha. Tatizo la kengele inayotambua kitu kimoja ni kwamba mwizi akibadilisha kitu hicho kimoja tu, inanyamaza kote ilikowekwa, siku moja.

Ilinyamaza Uganda. Mwaka 1998, kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini magharibi mwa nchi, ngano yenye Sr31 ilionekana na kutu. Aina hiyo ikaitwa Ug99. Miaka michache tu ikawa Kenya, kisha Ethiopia mwaka 2003, Yemen 2006, Iran 2007. Norman Borlaug, mwanafunzi wa zamani wa Stakman na mshindi wa Nobel ya Amani ya 1970, alipanda ndege akaja Nairobi Septemba 2005 kupiga yowe. Alikuwa na miaka 91. Ilikadiriwa wakati huo kwamba sehemu kubwa mno ya ngano inayolimwa duniani haikuwa na kinga. Nilikuwa nadhani wazee wa namna hiyo hutuma barua pepe.

Sisi huku tulikuwa na mbegu iliyoitwa Mwamba, yenye kengele nyingine, Sr24. Mwaka 2006 kutu ya Kenya ilionekana kuishinda hiyo pia, na 2007 Mwamba ikaliwa. Ikaja Robin, 2011, wakulima wakaipenda kwa mavuno yake, na baada ya miaka michache Robin nayo ikaanza kuwa nyekundu. Sisemi haya kuwabeza wazalishaji. Wao wanahitaji miaka kutengeneza mbegu moja, kutu inahitaji wiki mbili kutengeneza kizazi.

Ndiyo maana jeni inayoitwa Lr67 ilinifurahisha nilipoisoma. Haipigi kengele. Ilitambuliwa kikamilifu mwaka 2015, na ikaonekana kwamba ni jeni ya ngano yenyewe ya kubeba sukari, mlango wa glukosi, yenye mabadiliko mawili madogo yanayoufanya mlango huo usibebe sukari kama kawaida. Ngano yenye jeni hii hupunguza kutu za aina tatu na ukungu mweupe juu yake. Namna hasa inavyomnyima mgeni chakula bado inabishaniwa, lakini ona tulipofika: kutoka mbwa wa Robigus mpaka kugombania mlango wa stoo. Mkulima wa Nyanza anayehangaika na kayongo kwenye mahindi angeelewa haraka kuliko mimi, maana gugu lile nalo lina haustoria, kwa jina hilo hilo, kwenye mizizi.

Tangu 2005 Njoro ni mahali ambapo nchi nyingi hutuma ngano zao zikaugue. Kila mwaka maelfu ya aina hupandwa, mstari kwa mstari, na kati yake mistari ya ngano dhaifu iliyowekwa makusudi. Wafanyakazi hupita na sindano za hospitali, zenye maji yaliyochanganywa na spora, wakidunga mabua ya ile dhaifu, kisha umande na upepo humaliza kazi. Wiki kadhaa baadaye watu hupita tena na karatasi na kalamu, wakiinama kwenye kila mstari na kuandika asilimia ya bua iliyogeuka nyekundu.

Ningekuwa mimi ningechagua ile yenye sifuri, iliyo safi kabisa. Wao huitilia shaka. Safi kabisa mara nyingi ni kengele moja, na wanajua kengele moja huishia wapi. Wanaoitafuta kwa hamu ni ile yenye vipele vichache, vidogo, vilivyochelewa: asilimia kumi, kumi na tano, ishirini. Kutu imeingia, haustoria ziko ndani ya seli, zinakunywa. Zinakunywa polepole tu, na punje zimejaa.